Sarafu ya Kizingiti cha Laurette

Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023. Mvua ilianza alfajiri juu ya milima, ikashuka mjini kidogo, ikakatika kabla watu hawajamaliza chai. Mto Mulongwe ulikuwa mwekundu, ziwa lilikuwa na rangi ya majivu, na wingu lilikaa chini hata ng'ambo ya Burundi haikuonekana. Huku Kimanga, mtaa wetu wa Uvira, watu wa avenyu yetu walikuwa wakitafuta mahali pakavu pa kuweka viti katika parseli ya Laurette, yaani kiwanja anachokaa. Siku hiyo kaka yake, Ezéchiel Bulambo, alitakiwa kusoma mwaka wa sarafu iliyozamishwa kwenye kizingiti cha nyumba. Mwaka huo ungeamua kama Laurette na watoto wake wangebaki humo au wangetoka.

Ezéchiel ni muuza mchele katika soko la Mulongwe. Mchele wake unatoka Bwegera, alikolelewa na bibi yake, na magunia ya miaka mingi yameyainamisha mabega yake mbele. Si msemaji. Mteja akibishania bei kupita kiasi, Ezéchiel hamjibu. Anachukua ungo na kuanza kupepeta mpaka mwenyewe achoke. Jumapili ni shemasi, na yeye na mwenzake ndio wanaofungua vikapu vya matoleo baada ya ibada.

Sarafu zake alizipata humo vikapuni. Franga yetu ya Kongo ni karatasi tupu, kwa hiyo sarafu zinazofika Uvira ni za wengine: za Burundi zinazovuka mpaka wa Kavimvira katika vitambaa vya akina mama wa biashara, za Rwanda zinazoteremka kutoka Kamanyola, shilingi za Kigoma zinazoletwa na mabaharia wa Kalundu, na makuta za Zaïre ambazo watoto huziokota mvua ikichimba njia. Sarafu ikichakaa sana, muuzaji wa Bujumbura anaikataa, na wa kwetu anaikataa zaidi. Mwenye nayo anabaki nayo mkononi, mpaka Jumapili inafika na kikapu kinapita mbele yake.

"Mungu anapokea hata ile Mrundi amekataa," husema Mama Alliance, muuza ndakala, dagaa wetu wa ziwa, wa avenyu yetu, ambaye mwenyewe amewahi kutoa kadhaa.

Kanisa halina la kufanya nazo. Ezéchiel huweka noti yake kikapuni badala yazo, mwenzake akiona, na kuondoka na sarafu mfukoni. Nyumbani ana makopo matatu ya maziwa ya unga. La kwanza lina sarafu ambazo bado zina uso: unaona namba, mti, au kichwa cha mtu. La pili lina zile ambazo uso umebaki kivuli. La tatu anasema ni la vipofu, zile zilizolainika pande zote kama kokoto ya ziwa, na hilo ndilo kopo analolipenda. Mtu mmoja wa Bukavu anayekusanya sarafu alipelekwa kwake siku moja, akatazama kopo la vipofu, akauliza kama anafanyiwa mchezo. Yeye alitaka zinazong'aa. Ezéchiel alimpa kiti na chai, na mgeni akaenda zake mikono mitupu.

Kazi yake na vipofu ni kuvitambua. Anachukua masizi ya chungu, anayachanganya na tone la mawese, anapaka sarafu kwa kidole, halafu anafuta kwa kiganja mara moja tu. Masizi yanabaki ndani ya mikwaruzo isiyoonekana kwa jicho, na polepole unatokea ukingo wa herufi, au mkia wa namba. Kitu ambacho hafanyi ni kusugua. Aliniambia kwamba sarafu ya namna hiyo imebaki na uso mwembamba kama ganda la kitunguu, na mchanga kidogo tu unaumaliza.

Sasa kesi yenyewe. Parseli ni ya babu yao, na karatasi bado iko kwa jina la babu, kwa hiyo karatasi haikumsaidia mtu. Babu alikuwa na wana wawili: Placide, mkubwa, na Pierre, mdogo. Pierre ndiye baba yao Ezéchiel na Laurette. Placide ndiye baba yake Thierry. Nyumba ya mbele, ya matofali mabichi, ilianguka zamani. Imebaki ya nyuma, ya matofali ya kuchoma, na humo ndimo Laurette alimokulia, alimotoka alipoolewa, na alimorudi na watoto alipofiwa na mume.

Laurette alisema nyumba ilijengwa na baba yao Pierre. Pierre alizikwa mwaka 1988. Thierry alisema ilijengwa na baba yake Placide, aliporudi kutoka Kalemie na pesa za samaki wakati Pierre alikuwa ameshakufa, na kwamba Placide alimwachia mjane na watoto wakae kwa huruma. Mjane huyo, mama Anne, alikufa bila kusema nani alilipa simenti. Placide naye hayupo tena duniani. Ezéchiel miaka hiyo alikuwa Bwegera. Aliporudi mjini aliikuta nyumba imesimama, akaambiwa ni kwao, naye hakuuliza.

Laurette alikuwa na kumbukumbu moja, na aliieleza kwa kila aliyekuwa tayari kumsikiliza. Mwanaume mrefu, suruali imejaa simenti, anamwinua kwa makwapa na kumpitisha juu ya kizingiti kibichi ili asikikanyage. "Baba njo alinibeba," alikuwa akisema, yaani baba ndiye aliyembeba. "Nilikuwa mudogo, lakini ile mikono ninaijua."

Thierry si mtu mbaya. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia katika nyumba yake ya Kilibula na hayakutoka. Tangu hapo alikuwa akipanga na mke na watoto, akihama kila mwenye nyumba alipoongeza bei. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimfanya aongee kwa sauti kubwa hata palipokuwa na watu wawili tu.

Sarafu iliingia katika kesi kwa sababu ya fundi. Wazee wa avenyu hawakukumbuka mwaka, ila walikumbuka kwamba nyumba ilijengwa na marehemu fundi Térence, aliyekuwa na mazoea yake: akimaliza kizingiti, alimwomba mwenye nyumba sarafu mpya kuliko zote alizonazo, akaizamisha katika simenti mbichi pembeni, ili nyumba iwe na umri wake. Vizingiti vyake viko kadhaa Kimanga. Sarafu ya kwa Laurette ilikuwa imekanyagwa miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua inasema nini. Ukubwa na rangi vilimwonyesha Ezéchiel kwamba ni franga moja ya Burundi, ya aluminiamu. Franga hizo zilitoka kwa umbo lilelile miaka mbalimbali: sabini na sita, themanini, tisini, na baadaye.

Shefu wa avenyu, mzee Mupenda, aliyekuwa ametengeneza amani ya siku moja moja kati ya Laurette na Thierry mara nyingi, aliwaita akawapa masharti mbele ya watu. Mwaka ukiwa wa kabla ya kifo cha Pierre, nyumba ni ya Laurette. Ukiwa wa baada yake, ni ya Thierry, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kuzamisha sarafu ambayo haijatengenezwa. Ukishindikana kusomeka, anayekaa ndani abaki ndani, na kesi ife.

Wote wawili walikubali, na wote wawili walimtaka Ezéchiel awe msomaji. Watu walimwuliza Thierry kama haoni kwamba huyo ni kaka wa Laurette, tumbo moja. Thierry alijibu kwamba mtu anayelipia hela mbovu za kikapu hawezi kudanganya. Laurette hakuulizwa, maana kwake jambo lilikuwa wazi: msomaji ni kaka yake na aliyejenga ni baba yake.

Ndipo akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kando ya ziwa angekifanya akitazamia wageni wa heshima. Kwake sufuria hazikai na doa. Huzisugua kwa mchanga wa ziwa na majivu, na kuzianika juu ya kichanja zikimeremeta kama vioo. Asubuhi hiyo, mvua ilipokatika tu, alipiga magoti mlangoni na ndoo, mchanga na tambara la gunia, akasugua kizingiti chote, na alipofika kwenye sarafu akasugua kwa nguvu zaidi. Mama Alliance alipokuwa akipita alimwona, akamsalimu, na wala hakuona ubaya.

Ezéchiel alipofika na kopo lake la masizi, watu walikuwa wameshakaa. Laurette alimpokea kwa furaha.

"Yaya, nimekutayarishia," alimwambia. Huku kwetu mdogo humwita hivyo mkubwa wake. "Angalia vile iko inaangaza."

Sarafu iling'aa kama jicho la samaki. Ezéchiel aliitazama bila kuinama. Walioketi karibu waliona uso wake ukibadilika, na Thierry alikuwa mmoja wao. Alisimama, akaja, akaona mchanga uliobaki pembeni ya mlango.

"Ni nani amesugua hapa?"

"Ni minye," Laurette alisema. "Nimesafisha ili aone muzuri."

Thierry aligeuka kuwatazama watu. Hakupiga kelele mara hii, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema kwamba kizingiti kimekanyagwa miaka yote hiyo bila kuoshwa kwa mchanga, na kimeoshwa leo. Aliuliza kama kuna mtu asiyejua masharti: isiposomeka, anayekaa ndani anabaki ndani.

"Weye Laurette," alisema, "umefuta shahidi."

Laurette alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wa Thierry. Halafu akawatazama majirani mmoja mmoja, na cheko likamwishia mdomoni. Mama Alliance, ambaye dakika chache kabla alikuwa akiwachekesha watu kwamba franga isiyonunua hata pipi leo ndiyo inahukumu nyumba ya vyumba vinne, alikuwa anatazama miguu yake. Mwanaume mmoja nyuma alisema, si kwa sauti ndogo, kwamba hiyo familia inajua kazi ya sarafu. Shefu Mupenda alimwambia Ezéchiel asome hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo yaliyokubaliwa.

Ezéchiel alipiga magoti. Alipaka masizi, akangoja, akafuta kwa kiganja. Mwanga ulikuwa mbaya, wa wingu, usio na upande. Alilaza shavu karibu na simenti, akatazama kwa kuambaa. Alipaka tena. Sauti iliyosikika ilikuwa ya maji yakidondoka kutoka kwenye bati.

Alichokiona aliniambia wiki kadhaa baadaye, dukani kwake. Mchanga haukuwa umemaliza kila kitu. Katika ukingo mmoja masizi yalishika, na yaliposhika yalionyesha kipande cha mchoro. Mchoro huo alikuwa ameshauona kwenye franga nyingi za kikapuni. Ulikuwa ni wa upande usio na mwaka. Fundi Térence aliizamisha sarafu mwaka ukiwa chini. Miaka yote ambayo watu walikuwa wakiinama pale wakibishana kama wanaona saba au nane, hapakuwa na namba yoyote ya kuona.

Kwa hiyo Laurette hakuwa amefuta kitu. Na mwaka bado ulikuwepo, chini ya sarafu, umefungiwa ndani ya simenti ambako hakuna mguu uliowahi kufika.

Hapo mlangoni hakuna aliyejua hayo isipokuwa yeye. Akisema tu kwamba hauonekani, atakuwa amesema kweli, na dada yake atalala katika nyumba yake usiku huo na siku zote. Hakutakiwa kudanganya. Alitakiwa kuinuka na kupangusa magoti.

"Unaona nini?" aliuliza shefu.

"Mwaka siuoni," alisema Ezéchiel.

Laurette alijifunga kitenge upya kiunoni. Shefu alianza kusema kwamba basi, masharti ni masharti, na Thierry akamkata.

"Abaki nayo," alisema. "Nyumba, akae nayo. Lakini kila muntu hapa amejua leo kwamba Laurette wa Pierre ni mwizi, na watoto wake wanalala katika kitu cha wizi. Minye nitaisema sokoni, nitaisema kanisani. Sitachoka."

Hakuna aliyemkanya. Binti mkubwa wa Laurette, Déborah, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akisikia yote. Ezéchiel alikuwa bado chini. Alimwona msichana, akamwona dada yake akitafuta jibu asilipate, na akasema bila kuinua kichwa:

"Hakufuta kitu. Upande huu hauna mwaka."

Thierry alimwuliza anasema nini. Ezéchiel alirudia, akaeleza kuhusu mchoro. Alisema hata kama Laurette angesugua mpaka jioni, asingeweza kuondoa namba ambayo haikuwepo. Baadhi ya watu walianza kuguna, wakiona aibu. Mama Alliance alisema kwamba alijua tu, Laurette ni mtu wa kusugua, angesugua hata mbuzi. Watu wachache walicheka.

Shefu Mupenda hakucheka. Alikuwa anafikiri, na fikira zake zilikwenda taratibu mpaka zikafika.

"Kama mwaka hauko upande huu," alisema, "uko wapi?"

"Chini."

Sasa kila mtu aliona. Thierry alisema basi itolewe, iko wapi nyundo. Shefu alimzuia. Alisema makubaliano yalikuwa kusoma sarafu ilivyokaa, na nyumba ya mtu haivunjwi kizingiti bila mwenyewe kukubali. Mpaka saa hiyo, kwa masharti yaleyale, mwenyewe ni Laurette. Akikataa, kesi imekwisha, na mtu akimwita tena mwizi atakuja kujibu mbele ya shefu.

Ezéchiel alisimama akamsogelea dada yake. Aliongea chini, lakini tulikuwa karibu.

"Unaweza kukataa. Umesikia. Hakuna wa kukulazimisha."

Laurette alimtazama usoni. "Ni baba alijenga hii nyumba?"

Ezéchiel alitazama kizingiti. "Njo vile nimejua siku zote," alisema.

"Basi vunja."

Tindo na nyundo vililetwa kutoka kwa jirani. Ezéchiel alikataa kumpa mtu mwingine. Alieleza, kama mtu anayejieleza mwenyewe, kwamba simenti mbichi inaila aluminiamu. Huenda mgongo wa sarafu umekuwa unga. Lakini kabla ya kuliwa sarafu ilikuwa imelala kwenye simenti, na simenti hutunza alama ya kitu kilichoilalia. Kwa hiyo pigo moja baya lingeondoa vyote viwili. Alianza mbali, akichimba mfereji mwembamba kuizunguka sarafu, akipiga kidogo kidogo, akipuliza vumbi. Jasho lilimdondoka puani. Thierry alikuwa amechuchumaa mbele yake, mikono katikati ya magoti, na kila nyundo ilipogonga alifumba macho.

Sarafu iliachia. Ezéchiel aliigeuza. Mgongo wake ulikuwa mweupe, umejaa vishimo kama ndizi iliyoliwa na wadudu, na hapakuwa na cha kusoma. Aliiweka kando bila kuitazama mara ya pili. Akainamia shimo. Chini palikuwa na duara, na ndani ya duara palikuwa na kitu, lakini kimegeuzwa kinyume, kidogo, na wingu lilikuwa limezidi kushuka.

"Kuna bugari?" aliuliza.

Watu hawakuelewa. Alisema anataka bugari, ugali wetu wa muhogo, wa jana, uliopoa. Déborah aliingia jikoni akatoka na bonge katika sahani. Ezéchiel alilifinyanga mpaka likawa laini bila ufa, akapaka mawese kidogo katika shimo kwa ncha ya kidole, akalibonyeza bonge humo kwa dole gumba, akaliacha. Mtu alikohoa akaombwa anyamaze, kana kwamba kikohozi kingeharibu. Halafu Ezéchiel akalivuta taratibu, likatoka zima.

Alilishika kwenye kiganja, akaliinamia. Alilitazama muda mrefu. Bugari ni kitu laini. Kidole kimoja kingetosha, na angeweza kusema limeharibika. Wote tuliona dole gumba lake likiwa kando ya bonge, halisogei.

Hakumwonyesha shefu kwanza, wala Thierry. Alimpelekea Laurette. Namba zilikuwa zimesimama juu ya bugari, nyeusi kidogo kwa masizi ya vidole vyake. Moja, tisa. Ya tatu ilikuwa na kichwa cha mviringo na mkia, sawasawa na ile ya pili. Ya mwisho ilikuwa sifuri.

"Minye sina miwani," alisema Laurette, ambaye hajawahi kuvaa miwani. "Soma weye."

Ezéchiel alisoma kwa Kifaransa, kama tunavyosoma miaka huku.

"Mille neuf cent nonante."

Ni elfu moja mia tisa tisini, na Pierre alikuwa kaburini tangu themanini na nane. Hakuna aliyehitaji kupigiwa hesabu. Bonge lilirudishwa kwenye sahani, nayo ikapita mkono kwa mkono, shefu akatazama, Thierry akatazama na kuirudisha upesi, kama kitu cha moto. Tulitegemea apige kelele za kushinda. Alirudi kwenye kiti chake akakaa, na baadaye tukaona kwamba analia bila sauti. Baba yake alikuwa amejenga, na kwa miaka mingi alikuwa yeye peke yake anayesema hivyo.

Laurette alikuwa amesimama palepale. Alisema, si kwa mtu yeyote, "Basi ule alinibeba alikuwa baba mukubwa." Alirudia mara ya pili, taratibu zaidi. Kisha akaingia ndani akakiruka kizingiti, na Ezéchiel akamfuata mpaka mlangoni, hakuingia.

"Ungenyamaza tu," Laurette alimwambia kutoka ndani.

"Wangekuita mwizi."

"Mwizi mwenye nyumba," alisema Laurette.

Ezéchiel alibaki ameegemea mwimo wa mlango na mikono yenye mawese na masizi.

Nje, shefu Mupenda alimwuliza Thierry anataka nyumba lini. Thierry alisema watoto wake wako kwenye nyumba ya kupanga na mwenye nyumba anamsumbua, lakini yeye si mnyama. Wakae mpaka Noeli. Sauti ya Laurette ilitoka ndani ikisema kwamba hataki Noeli ya mtu. Thierry akaokota ile sarafu pale chini, akampa Ezéchiel, akisema aichukue, yeye ndiye mtu wa hizo. Ezéchiel alitikisa kichwa. Thierry aliishika kidogo, asijue aiweke wapi, mwishowe akaitia katika mfuko wa shati lake. Watu walichukua viti vyao wakaondoka bila kuagana vizuri, na mvua ikarudi.

Kesho yake, Jumapili, Ezéchiel hakuonekana kanisani, na vikapu vilifunguliwa na mwenzake na mtu mwingine. Tangu mapema alikuwa akitoa magunia ya mchele katika chumba cha nyuma cha nyumba yake na kuyapanga sebuleni, mpaka mke wake akakosa pa kupita. Alifagia chumba, akamwagia maji, akaacha dirisha wazi. Kisha aliazima mkokoteni akausukuma peke yake hadi Kimanga. Mlango wa Laurette ulikuwa umefungwa. Hakubisha. Aliegesha mkokoteni karibu na kichanja cha sufuria akangoja amesimama, na kengele ya ibada ya kwanza ikalia na kunyamaza. Hatimaye mlango ulifunguliwa, na upande mmoja wa kitanda ukatokea, ukisukumwa kutoka ndani. Laurette hakumsalimu. Ezéchiel alishika miguu ya mbele ya kitanda, akarudi kinyumenyume, akiinua juu ili kipite juu ya shimo la kizingiti.